Ukuta wa Mfano wa Ulandani

Nilivyofika Ulandani si habari ya kusimulia. Barabara ni barabara, na vumbi ni lile lile. Nitaeleza niliyoyaona katika miezi mitatu niliyokaa huko, nikiwa mpangaji katika nyumba ya Bi Mashavu, mfanyabiashara wa mahindi, mjane wa makamo mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Nitayaeleza kwa hasira, maana nimejaribu kuyaeleza kwa upole nikashindwa.

Walandani hawana kitabu cha sheria za ujenzi. Wana ukuta. Miaka sitini iliyopita, wazee wao walichoka kubishana juu ya maneno. Sheria ikisema ghala la biashara liwe imara, huyu alisema imara ni mawe, yule akasema hata udongo ni imara ukishindiliwa vizuri, na kesi zikawa haziishi. Basi wakakata shauri: wakamwita mwashi bora kuliko wote, akajenga kipande cha ukuta cha hatua sita katika uwanja wa Baraza, kwa matofali ya kuchoma na chokaa safi, na juu yake akaweka boriti na mabati machache. Wazee wakatangaza kwamba tangu siku ile kila ghala la biashara nchini litajengwa kwa vifaa vinavyolandana na vile. Maneno hupindishwa, walisema, lakini ukuta haupindishwi.

Nikiri kwamba niliposimuliwa hayo niliwavulia kofia. Kwetu nimekuwa mpimaji wa majengo kwa miaka kumi na minne, na najua jinsi neno moja la sheria linavyoweza kuwalisha mawakili wanne.

Kisha nikaenda kuuona huo ukuta wenyewe. Kumbe wazee waliweka pia katazo: ni marufuku kuutengeneza, kwa kuwa anayeugusa ukuta ameigusa sheria, na adhabu yake ni kifungo. Mvua sitini zimeupiga. Chokaa imekuwa kama majivu, boriti zimeliwa na mchwa zikabaki maganda, na mabati yana matundu ya kupitisha ngumi. Upande wa chini kuna sehemu iliyochimbika kwa sababu mbuzi wa mlinzi mmoja wa zamani alizoea kujikuna pale. Mbele ya uozo huo Walandani huvua viatu.

Na maghala yao yanafuata. Ukipita mtaa wa biashara utaona ghala baada ya ghala, mengine hayajamaliza mwaka, yote yameoza kwa kipimo. Yote yana mchimbiko wa mbuzi, kwa kimo kile kile. Kuna mafundi kabisa wa kazi hiyo, wanaitwa waozeshaji. Fundi huchukua tofali zuri akalilowesha kwenye maji ya chumvi mpaka limeguke, hufuga mchwa kwenye mitungi, hutoboa mabati kwa kufuata karatasi iliyochorwa matundu ya bati la Baraza. Mwozeshaji mzuri hana nafasi, huwekewa miadi miezi mitatu kabla.

Niliuliza kama hakuna aliyepinga. Walikuwapo, nikaambiwa. Kulikuwa na kundi la wafasiri wa sheria walioitwa Wa Jana, waliosema kwamba sheria ni ukuta ule kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Wenzao, Wa Leo, wakasema sheria ni ukuta unaoonekana. Kesi ilisikilizwa siku moja tu: Baraza liliwataka Wa Jana walete kielelezo cha ukuta wa siku ya kwanza, wakakosa, wakashindwa. Nilipofika, Wa Leo walikuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe kwa mwaka wa tatu kama kiota cha nyigu kilichomo kwenye pembe ya ukuta kinahesabika kuwa kifaa cha ujenzi. Wafanyabiashara, kwa tahadhari, walikuwa wameanza kununua viota sokoni na kuvining'iniza.

Ungecheka. Mimi nilicheka mpaka Bi Mashavu aliponiambia habari za mwaka uliotangulia.

Watu wa bondeni, kaya arobaini na tatu, hawana mahali pa kuhifadhi mavuno. Bonde lote ni tope wakati wa masika. Huleta mahindi yao mjini, huyaweka kwenye ghala kwa malipo kidogo, na miezi ya njaa ikifika huja kuchukua kila mtu magunia yake. Mwaka ule waliyaweka katika ghala lenye cheti, lililolandana na ukuta mpaka nyigu. Mvua ikaingia. Mahindi yakashika kuvu, ile ya kijani, na watu wakayala kwa sababu hawakuwa na kingine. Walikufa saba. Baraza liliunda tume, tume ikaenda ghalani kupima, ikarudi na ripoti ya mstari mmoja: ghala halina kasoro.

"Mmoja wa wale saba nilimfunga nepi mimi mwenyewe siku aliyozaliwa," Bi Mashavu aliniambia, akipeta mchele, hakuniangalia. "Nikasema, haya, sasa basi."

Akajenga ghala lake. Matofali ya kuchoma, saruji, sakafu iliyoinuliwa kimo cha goti kutoka chini, mabati mapya yaliyopigiliwa karibu karibu. Watu wa bondeni wakaleta magunia mia tano na kumi, chakula chao chote cha mwaka na mbegu za kupanda. Nilipanda juu ya magunia yale siku moja, nikapitisha mkono kwenye ukuta wa ndani. Ulikuwa mkavu. Nimepima majengo mengi, na mengine ya wakubwa, lakini sijawahi kuona ghala lililojengwa kwa makini kama lile.

Wiki ya pili ya ukaaji wangu alikuja Bwana Ngwali, Mlinganishi Mkuu wa Baraza. Si mtu mkali. Alikuwa na adabu nyingi, mzungumzaji, na alikunywa kahawa yetu vikombe vitatu. Alilizunguka ghala akitikisa kichwa kama daktari.

"Bi Mashavu, dada yangu, hili mbona halilandani hata kidogo?"

"Halivuji, Bwana Ngwali."

"Sikuuliza kama linavuja."

"Mimi nakuambia. Kuna chakula cha kaya arobaini na tatu humo ndani."

"Ndiyo sababu lazima sheria ifuatwe. Chakula cha watu hakiwekwi mahali pasipo na cheti. Sheria ni msumeno, dada yangu, hukata mbele na nyuma."

"Huu wenu mbona unakata upande wangu tu? Lile ghala lililo nyuma ya Baraza, la mahindi ya wajumbe, limejengwa kwa nini? Si saruji ile? Si mabati mapya yale?"

Bwana Ngwali hakukasirika. Alieleza kwa subira kwamba jengo lile si ghala la biashara. Ni nyumba ya kuishi, kwa kuwa ndani yake mna kitanda, na sheria ya ukuta haigusi nyumba za kuishi. Baadaye nilikwenda kuhakikisha. Kitanda kilikuwapo, katikati ya magunia, na godoro lake halijatolewa kwenye nailoni.

"Basi na mimi nitatia kitanda," akasema Bi Mashavu.

"Huwezi. Mtaa wako umetengwa kwa biashara. Kulala ni marufuku."

Mwenyezi Mungu anisamehe, hapo nilivutiwa na jinsi hoja ilivyofungwa. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Mtu anayekaa na vipimo muda mrefu huanza kupenda kitu kinavyokaa sawa, asiulize kimekaa juu ya nani.

Kesi ilipangwa. Baraza lilitaka mpimaji asiye na upande, na Bwana Ngwali, aliyekwisha kujua kazi yangu, alinifuata barazani kwa Bi Mashavu.

"Wewe mgeni huna ndugu hapa wala huna ghala. Hatutaki maoni yako. Pima ukuta wa mfano, pima ukuta wa huyu bibi, sema ulichokiona. Utakataa kusema kweli?"

Nilimtazama Bi Mashavu. Akasema, "Pima, mwanangu. Ukweli utanisaidia."

Naye aliamini hivyo. Mimi pia niliamini. Nilidhani kwamba tofauti ile ikitamkwa kwa sauti mbele ya watu, hakuna mwenye akili atakayeisikia asione aibu. Nilijiona nawawekea mtego. Usiku nilifuta futikamba yangu kwa kitambaa.

Kipimo chao hakikuhitaji futikamba. Ni cha kidole. Mpimaji husukuma kidole cha shahada kwenye maungio ya matofali, halafu hutangaza kimezama kiasi gani. Nilisimama mbele ya wajumbe kumi na wawili na umati wa watu wa bondeni waliokuja kwa miguu tangu alfajiri.

"Kwenye ukuta wa mfano," nikasema, na nilisema kwa madaha, "kidole kilizama hadi pingili ya pili. Kwenye ukuta wa Bi Mashavu hakikuzama kabisa. Hata ukucha haukuacha alama."

Nikangoja ile aibu. Mwenyekiti akamgeukia karani, akamwuliza kama ameandika. Karani akasema ameandika. Mwenyekiti akanishukuru kwa maneno mazuri, akasema kwamba katika miaka yote ya Baraza hakuna mpimaji aliyewahi kuonyesha utofauti waziwazi namna ile.

"Ngoja," nikasema. "Utofauti wenyewe ni kwamba lake ni bora. Hilo ndilo nililopima!"

"Mpimaji hapimi ubora. Keti, mgeni."

"Mahindi yatanyeshewa! Zimebaki wiki mbili mvua ianze!"

"Keti."

Nikaketi. Niandike nini zaidi? Mtu mzima mwenye meno thelathini na mawili kinywani, nikaambiwa keti nikaketi. Hukumu ilisomwa palepale: ghala halilandani, kwa ushahidi wa mtaalamu wa kigeni asiye na upande, nalo lilandanishwe na waozeshaji wa Baraza kabla halijapewa cheti.

Bi Mashavu alisimama akaomba jambo moja. Aliomba apewe siku nne awarudishie watu mahindi yao kabla ya kazi kuanza. Wajumbe walinong'onezana kidogo. Kisha Bwana Ngwali akajibu, kwa upole ule ule, kwamba haiwezekani. Ghala lisilo na mzigo si ghala la biashara, na Baraza halina mamlaka juu ya jengo tupu. Mzigo ukitoka, hukumu itakuwa haina kitu cha kushika. Kwa hiyo milango itiwe lakiri, magunia yakae humo humo, mpaka siku ya cheti.

Mzee mmoja wa bondeni alipaza sauti kutoka nyuma: "Mwaka jana mlituulia watu! Mnataka kutuua tena?" Askari wawili wakamtoa nje wakimshika mikono, bila kumpiga, na kikao kikafungwa kwa dua.

Waozeshaji walikuja siku ya tatu, watu tisa wakiongozwa na Fundi Shomvi, mzee mwenye mikono mizuri ya kazi. Nilikwenda kumwona nikiwa na hasira za kumrukia. Alinipa kigoda.

"Unajua nilijifunza kwa nani?" akaniuliza. "Babu yangu ndiye mwashi aliyejenga ule ukuta wa Baraza. Nikipewa chokaa na siku kumi nitakujengea kama ule, mpya, mpaka ulie. Lakini hakuna anayeniomba. Huo mwingine ndio unaolisha watoto."

"Kwa hiyo unaharibu kazi ya mikono ya watu."

"Naharibu kwa ustadi," akasema, na sikujua kama ni majivuno au msiba. Akarudi kwenye kazi yake. Aling'oa mabati mapya kwa uangalifu, bila kupinda hata msumari, akaweka yale yenye matundu. Alikwangua saruji kwenye maungio yote, akajaza majivu na udongo. Vijiti vyenye mchwa alivipanga kwenye boriti kimoja kimoja. Mchimbiko wa mbuzi aliufanya mwenyewe, kwa patasi, siku mbili nzima, na ulipomalizika watu walikuja kuutazama.

Mvua ilianza kabla hajamaliza. Ilinyesha siku tisa. Bi Mashavu alikwenda Barazani kila asubuhi na turubai begani, akiomba ruhusa ya kulitandika tu juu ya paa. Turubai halimo katika ukuta wa mfano. Kila asubuhi walimwambia hivyo, naye kila asubuhi alirudi na turubai lake, amelowa mpaka mifupa, akaketi kwenye kibaraza cha nyumba yake, mkabala na ghala, akisikiliza maji yakiingia. Nilikaa naye. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya sita nilichukua turubai lile mwenyewe nikapanda ukuta. Nilipofika juu askari waliniteremsha, wakanitoza faini, wakaniomba radhi kwa kunichafulia kanzu. Watu wenye adabu kweli kweli, Walandani. Sijui kama nimewahi kuchukia adabu namna ile.

Siku ya ishirini na moja tangu kazi ianze, cheti kilikuwa tayari. Bendera ya kijani ilipandishwa mtaani, ambayo ni ishara kwamba ghala limefunguliwa, na watu wa bondeni wakaanza kupanda mjini na magunia yao matupu. Tulikwenda sisi watatu kwanza, Bi Mashavu, Bwana Ngwali na mimi, kwa kuwa sheria inataka mpimaji wa kwanza awepo. Bwana Ngwali alibandua lakiri. Alisukuma kidole kwenye ukuta, kikazama hadi pingili ya pili, akatabasamu kwa furaha ya kweli.

"Pima na wewe, mgeni."

Sikupima. Harufu ilikuwa imetufikia mlangoni. Bi Mashavu alipita kati yetu, akafungua gunia la kwanza, la pili, la kumi. Alipanda juu ya rundo akavuta moja la katikati, akalipasua kwa kisu. Yote yalikuwa ya joto kama mtu mwenye homa, na ya kijani. Zile zilizokuwa mbegu zilikuwa zimechipua kisha zikaoza.

Bwana Ngwali alichota kiganja kimoja, akanusa, akayarudisha polepole. Nilidhani sasa atasema neno la kibinadamu.

"Hata mzigo," akasema, "umelandana na wa mwaka jana." Akatoa cheti kwenye mkoba, akampa Bi Mashavu kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Nilimshika kanzu kifuani. Nilimwita mwuaji, na majina mengine ambayo mama yangu hakunilea kuyatamka. Hakunisukuma. Aliniangalia kwa mshangao mtupu, halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: "Lakini bwana, si wewe uliyepima?"

Nikamwachia. Akanyoosha kanzu yake, akatuaga, akaenda zake.

Bi Mashavu alikuwa ameketi juu ya gunia. Cheti alikiweka pembeni. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kumwomba radhi, nikamweleza kwamba nilidhani wataona aibu, kwamba nilitaka kumsaidia, kwamba kila neno nililosema pale Barazani lilikuwa kweli. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Najua lilikuwa kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyekuambia upime. Mimi mahindi haya sigawi. Wakinichoma moto na nyumba yangu, watu wale hawalishwi sumu mara ya pili. Lakini usiniombe radhi mimi, mwanangu, mimi nina unga ndani. Kuna watu nje."

Nilikwenda mlangoni. Foleni ilikuwa imefika mpaka kona ya mtaa na kukunja. Wengi walikuwa na furaha, maana bendera waliiona tangu mbali. Wa mbele kabisa alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, magunia matatu ameyakunja vizuri na kuyafunga kwa kamba. Alinitambua.

"Wewe si ndiye yule mpimaji?" akaniuliza. "Yamesalimika?"

Nikamwambia.